Nimeenda GALA pale Braamfontein kufungua maboksi ya watu wetu, haya ndo niliyoyaona

Nianze na bei maana najua ndo mtaniuliza mwanzo: sikulipa hata senti moja. Nilichogharamika ni nauli na ile siku moja ya kazi niliyoomba ruhusa, basi. Mahali penyewe panaitwa GALA Queer Archive, kwa Kiswahili chetu cha Kenya tungesema makavazi, nyumba ya kuwekea nyaraka za zamani, ila hizi si nyaraka za gavana wala za mkoloni, ni za mashoga na wasagaji na transi na kila mtu wa upande wetu, barua zao, picha zao, fulana walizovaa kwenye maandamano, kadi za mialiko, mafaili ya kesi, sauti zao kwenye kanda. Ipo Johannesburg, kwa majengo ya chuo kikuu cha Wits, ukishuka Park Station unatembea kwa miguu tu unafika.

Sasa kwa nini nimeenda. Kwetu Mombasa tulikuwa na mtu wetu tukimwita Anti, mpambaji wa maharusi, mkono wake wa piko ulikuwa hauna mfano, watu walikuwa wanasogeza tarehe ya harusi mbele kwa sababu Anti wiki hiyo hana nafasi. Alikuwa na mkebe wa biskuti, ule wa bati wa mraba, umejaa picha tupu, za miaka ya themanini na tisini, sherehe za uani, watu wamejipamba wamevaa magauni ya kuazima na vidani, wanacheza, wengine wamejilaza mkekani wamechoka wanacheka. Nikenda kwake ananionyesha moja moja, huyu alikwenda Uarabuni hakurudi, huyu alikuwa na sauti wewe akiimba mtu unalia, huyu aliozwa kwa nguvu akawa hatumwoni tena. Alipofariki akazikwa vizuri, kwa heshima zote, hilo siwezi kulalamika. Alafu siku ya tatu nikaenda kuulizia mkebe nikaambiwa umechomwa. Na aliyechoma si adui, ni mtu wa damu yake aliyempenda kweli, akaniambia, mwanangu, tumemsitiri.

Hilo neno kumsitiri nimelibeba miaka, nimelibeba mpaka huku Johannesburg nilikokuja kutafuta riziki, kwa sababu siwezi kusema yule mzee alikosea. Kwetu mtu akifa anasitiriwa, aibu yake inafunikwa, ni haki ya maiti. Lakini pia zile picha ndo zilikuwa ushahidi pekee kwamba wale watu walikuwepo na walikuwa na furaha, na sasa hakuna. Kwa hiyo nilipoambiwa na mwenzangu mmoja wa Tanga anayefanya kazi huku kwamba kuna mahali wanaweka vitu kama hivyo, kwenye maboksi, kwa mpangilio, na watu wanaenda kusoma, nilitaka nione kwa macho yangu wanafanyaje. Wanaweka vipi bila kuanika. Hilo ndo swali nililoingia nalo na ndo nitakalopimia kila kitu humu.

Utaratibu wao ni rahisi ila usiende ghafla ghafla. Andika barua pepe mapema useme unataka kuona nini, uangalie kwanza orodha ya mikusanyo iko kwenye tovuti yao, vinginevyo utafika uambiwe kuna maboksi mengi unataka lipi. Mie nilisema ukweli tu, sikusomea historia, si mwanafunzi, ni mtu wa kawaida nataka kuona picha na barua. Sikuulizwa cheti cha shule. Nilipokelewa vizuri, dada mmoja akanieleza taratibu, begi pembeni, kalamu ya wino hapana, penseli sawa, karatasi moja moja usivuruge mpangilio, ukitaka kutumia picha popote uulize kwanza maana kuna vitu vina masharti ya mwenyewe aliyetoa. Hapo tu moyo wangu ukatulia kidogo. Masharti ya mwenyewe. Mtu anatoa vitu vyake anasema hii aone kila mtu, hii mpaka nife, hii usitaje jina langu. Kumbe sitara inaweza kuandikwa kwenye fomu.

Nikaanza na Kewpie kwa sababu huyo ndo nilimsikia mapema. Kewpie alizaliwa 1941, Cape Town, mtaa wa District Six, akawa msusi, ana saluni yake, na usiku wa pati ni malkia, gauni refu, nywele zimepandishwa juu. Amefariki 2012. Aliweka picha zake mwenyewe, za tangu miaka ya hamsini mpaka themanini mwanzoni, zaidi ya 600, na hizo picha sasa ziko GALA. Zaidi ya 600! Mkebe wa Anti sidhani ulifika 200.

Jamani sijui niwaelezeje hizi picha. Mtu akisikia picha za mashoga wa zamani wa Afrika Kusini atafikiria huzuni, polisi, kujificha. Huzuni ipo nitaifikia. Lakini unachokiona ni watu wako saluni kichwa cha mteja kiko mkononi, watu wako ufukweni, watu wamepiga pozi barabarani mchana kweupe na majirani wanapita nyuma, pati, kucheza, magauni ambayo unajua kabisa mtu alikesha anashona. Kuna moja nilikaa nayo muda mrefu mpaka yule dada akaniuliza kama niko sawa. Haikuwa na kitu kikubwa, ni marafiki wamekaa tu. Ni vile walivyoegemeana. Ni ile ile ya Anti ya mkekani.

Kingine nilichokipenda sana, wale watu wa GALA walikaa na Kewpie akiwa hai wakamhoji, kwa hiyo yale maelezo ya picha, huyu nani, hapa wapi, siku gani, mengi yametoka mdomoni mwake. Mwaka 2018 wakafanya maonyesho Cape Town pamoja na jumba la makumbusho la District Six na maelezo yakabaki hivyo hivyo kwa maneno ya mwenye picha. Hii ndo tofauti kubwa. Picha bila maneno ya mwenyewe ni ya polisi au ya gazeti, wao ndo wanapiga mtu picha alafu wanamwandikia wanachotaka. Anti alikuwa na maneno yote kichwani, hakuna hata mmoja wetu aliyeyaandika, hata mimi niliyekaa naye mchana kutwa.

Na kuna habari ya yeye. Kwa Kiingereza watu wanahangaika sana kuhusu Kewpie, waseme wa kiume au wa kike, maana rafiki zake walichanganya na mwenyewe hakuona shida kuitwa vyovyote. Nikawa nasoma yale maelezo nafikiria jinsi Kiswahili kilivyotubariki, yeye ni yeye, alikuja, alicheka, alivaa, humjui ni nani mpaka uambiwe, na kama hutaki kuambiwa basi. Nilimwelezea yule dada kwa Kiingereza changu akafurahi akaandika kwenye kidaftari chake.

Huzuni sasa. District Six ilikuwa mtaa wa watu wa kila aina na serikali ya makaburu ikaitangaza kuwa ya weupe tarehe 11 Februari 1966, wakahamishwa watu zaidi ya 60,000, nyumba zikabomolewa. Mwezi mmoja tu kabla, Januari 1966, huku Johannesburg polisi walivamia pati nyumbani kwa mtu huko Forest Town, wanaume kama 300 hivi, kikatokea kishindo mpaka bungeni, na mwaka 1969 ikapitishwa sheria inayokataza wanaume kufanya chochote cha kimapenzi kwenye pati, na pati ikaelezwa kuwa ni mahali penye watu zaidi ya wawili. Watu watatu ni pati. Ukiziweka hizo tarehe mbili pamoja unaona picha za Kewpie kwa jicho lingine, maana hawa watu wanacheza na mtaa wao umeshahukumiwa na pati zao zimeshahukumiwa. Nyumba nyingi zinazoonekana nyuma yao hazipo. Kwa hiyo wazee wa District Six ambao hata si mashoga wanakuja kuangalia picha za Kewpie kutafuta barabara yao, duka lao, ukuta wa shule. Picha za shoga zimekuwa ramani ya mtaa mzima. Hilo nilikuwa sijaliwaza kabisa na limenikaa mpaka leo, maana kwenye zile picha za Anti nyuma kulikuwa na nyumba za Kiswahili za mtaa wetu wa Majengo, Mombasa, zenye makuti ambazo leo ni ghorofa.

Boksi la pili niliomba la Simon Nkoli. Huyu wengi mnamjua kwa jina. Alizaliwa 1957, kijana wa Soweto, mpigania uhuru, alikamatwa 1984 pamoja na wenzake baada ya maandamano ya kupinga kodi za nyumba huko Vaal, wakashtakiwa uhaini, watu 22, ile kesi ya Delmas. Uhaini maana yake kitanzi kiko karibu. Na ndani ya jela, akiwa na wenzake hao, ikajulikana kuwa ni gei, wengine hawakutaka hata kushtakiwa pamoja naye. Alafu chama cha gei alichokuwa mwanachama, cha weupe wengi, kikamwacha, eti wao hawaingii siasa. Yaani huku anakataliwa kwa sababu ya kule, na kule anakataliwa kwa sababu ya huku. Akaachiwa bila hatia 1988, na wale wenzake, akina Terror Lekota na Popo Molefe, waliokuwa wakubwa wa harakati, walishakaa naye miaka wakabishana naye wakamwelewa, na watu hao hao baadaye wako kwenye meza za madaraka nchi inapoandika katiba mpya. Katiba ya 1996 kifungu cha 9 ikataja mwelekeo wa kimapenzi, kwa jina.

Lakini hayo mtayapata popote. Ninachotaka kuwaambia ni barua. Nkoli akiwa jela alikuwa akimwandikia mpenzi wake Roy Shepherd, na hizo barua zipo. Barua ya jela inapita kwanza kwa askari, anaifungua, anaisoma, ndo inatoka. Kwa hiyo fikiria mtu anashtakiwa uhaini na anaandika mapenzi yake kwa mwanamume mwenzake huku akijua kuna askari wa makaburu atasoma kabla ya mpenzi. Na anaandika tu. Anauliza habari za kawaida, anataka vitu, ananuna, anakumbuka. Sitanukuu hapa, mtu aende akasome mwenyewe. Nilisoma kama nasoma barua za kaka yangu. Mie sijawahi kuwa na barua ya mapenzi niliyoweka, zote nilizopewa nilizitia moto kabla ya kulala, na sasa hivi ni meseji, unafuta, unabadilisha simu, zimekwenda.

Kuna pia vitu vya maandamano ya kwanza, 13 Oktoba 1990, hapa hapa Braamfontein wakaelekea Hillbrow, watu kama 800. Wengine walivaa mifuko ya karatasi kichwani imetobolewa macho wasijulikane. Nimeona watu wanaidharau ile mifuko, ati woga. Mie nikiitazama naona sitara ile ile ya kwetu. Mtu amefunika uso lakini miguu yake iko barabarani. Na anayefunika leo anaweza kufunua kesho kwa hiari yake, lakini awepo kwanza. Nkoli mwenyewe alikufa na ukimwi tarehe 30 Novemba 1998, na ile sheria ya ndoa za jinsia moja ya Afrika Kusini ikaanza kutumika tarehe 30 Novemba 2006, siku ile ile, miaka minane baadaye. Mwaka 1998 wenyewe mwezi wa kumi alikuwa ameshaona mahakama ya katiba inafuta sheria ya ulawiti, hilo alilipata akiwa hai.

Hapa niseme kitu kuhusu namna GALA yenyewe ilivyoanza kwa sababu inaeleza kilichopo na kisichokuwepo. Ilianzishwa 1997, ikiwa mradi chini ya makavazi mengine ya historia ya Afrika Kusini, ndo baadaye ikasimama peke yake. Sasa ukianza kukusanya karatasi, unakusanya kwa nani? Kwa mwenye karatasi. Mwenye kabati, mwenye taipureta, mwenye chama chenye muhuri na katibu, mwenye nyumba ambayo hahamishwi kwa lori. Na enzi za makaburu huyo alikuwa mweupe, mwanamume, wa mjini. Kwa hiyo makaratasi ya zamani yamelalia upande huo, na si kwa sababu watu weusi au wanawake hawakuwepo. Wao wakaamua kutoka nje kwenda kurekodi sauti. Wakakaa na watu wa vitongoji, wakakaa na viziwi wakarekodi hadithi zao kwa lugha ya ishara, na hilo la viziwi nimelipenda kupita kiasi, maana nani huwa anawakumbuka.

Na hapa ndo nilipata zawadi yangu. Walikuwa na mradi wa visa vya maisha vya wanawake wa Afrika wanaopenda wanawake, kitabu chake kilitoka 2005, na waliohojiana si maprofesa wamekuja na ndege, ni wanawake wenyewe wamefundishwa kuhoji wenzao, Afrika Kusini, Namibia, Swaziland, Uganda, Tanzania na Kenya. Kenya na Tanzania jamani. Mie nilikuwa msichana mdogo nadhani niko peke yangu dunia nzima na wakati huo huo kuna wanawake wameketi mahali nchini kwangu na redio kaseti katikati wanaulizana, ulijuaje, nani alikwambia, mlikuwa mnakutana wapi. Nilipofika hapo niliomba dakika tano nikatoka nje kwenye korido.

Nikamtumia mwenzangu wa Mombasa ujumbe wa sauti, nikamwambia, shoga angu, tumo. Akanijibu, tumo wapi? Nikamwambia humu kwenye rafu, tumo humu. Akanyamaza kidogo kisha akauliza, wametaja majina? Ndo swali letu hilo watu wa pwani, na ni swali la haki.

Kwa sababu nimetaja neno shoga niseme kidogo, maana humu makavazini nimeona kazi wanayofanya ya kuweka maneno na nikatamani mtu afanye ya kwetu. Wao wana lugha inaitwa Gayle, ya mashoga wa Cape Town, kila kitu wanakipa jina la mwanamke, pombe ni Dora, polisi ni Priscilla, kizuri ni Beulah, unaongea mbele ya polisi na haelewi kuwa anasemwa yeye. Wanaozungumza Kizulu nao wana isiNgqumo yao. Nikacheka peke yangu maana sisi pwani tumelelewa na kinyume, kugeuza silabi ili watoto na wageni wasijue, kwa hiyo najua raha yake. Na neno shoga lenyewe, bibi yangu mzaa mama alikuwa na mashoga zake, wanawake wa barazani, wa kupeana sukari na kusukana, shoga alikuwa ni mtu wako wa siri, na bado mwanamke wa pwani anamwita rafikiye shoga mbele ya mume na wakwe na hakuna anayeshtuka. Neno hilo hilo ukilipeleka mtaa wa pili linakuwa jiwe la kumpigia mtu. Vijana wengi wa bara hawajui kama neno hili lilikuwa tamu kwanza. Nani ameandika hayo kwa upande wetu, akayaweka mahali penye rafu na namba? Wale wazee wa kucheza lelemama na kuimba harusini wanaondoka kila mwaka.

Maktaba yao nayo usiipite. Wana vitabu vya kwetu Waafrika, na wana jina la uchapishaji wao wenyewe, MaThoko's Books, limepewa jina la mama mmoja wa kitongoji cha KwaThema, MaThoko, ambaye nyumba yake miaka ya themanini na tisini ilikuwa kimbilio, kijana akifukuzwa kwao anakwenda kwa MaThoko. Kila mji una mama kama huyo. Majengo alikuwepo, simtaji.

Sasa kwa wale mtakaouliza kama inatufaa sisi wa Afrika Mashariki au ni ya Wasauzi tu. Kwanza lugha, vitu vingi ni Kiingereza, vingine Kiafrikaana na lugha za huko, kwa hiyo kama Kiingereza chako ni cha shida nenda na mtu. Pili umbali, si kila mtu yuko Johannesburg, na nauli ya ndege si mchezo. Lakini la tatu ndo kubwa na ndo lile swali la mwenzangu. Huku wana katiba. Sisi Kenya vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya jinai, vinavyotuharamisha watu wa upande wetu, vipo, mahakama kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019, na Tanzania na Uganda ni zaidi. Kwa hiyo boksi ambalo Braamfontein ni kumbukumbu, kwetu linaweza kuwa ushahidi mbele ya hakimu, na sitaki mtu asome haya kisha aanze kukusanya picha za watu kwenye flash diski kwa nia njema akawaponza wenzake.

Nilimuuliza yule dada wazi kabisa, nyinyi mkiwa kwetu mngefanyaje? Hakunipa hotuba. Aliniambia waanze na anayetaka, wasianze na kitu. Yaani usianze na picha, anza na mwenye picha, umuulize anataka nini kwayo, na kama amekufa uliza waliomo kwenye picha. Akaniambia kitu kinaweza kufungwa, kikaandikwa kisifunguliwe mpaka mwaka fulani, na kikafungwa kweli. Na kwamba si lazima kila kitu kipigwe skani kiwekwe mtandaoni, watu siku hizi wanadhani kuhifadhi ni kupandisha intaneti, kumbe kuna vitu usalama wake ni karatasi ndani ya boksi ndani ya chumba chenye ufunguo. Hapo ndo nikaelewa kwa nini nilipoingia nilisikia utulivu. Mtu anayekwenda pale anaweza kukuta jina lake lakini halikuanikwa kamba ya nguo barabarani. Laiti ningejua haya wakati ule ningemwendea yule mzee kabla ya siku ya tatu, nikamwambia Baba, nipe mkebe, nitaufunga kwa kitambaa, nitaandika usifunguliwe miaka hamsini, na tutakuwa tumemsitiri vilevile. Nina hakika angenipa. Alikuwa ananipenda.

Kama mna vitu nyumbani, na najua mnavyo, hata fulana moja, hata kadi ya pati, hata kanga mliyopeana yenye jina lake, yafuatayo nimeyaokota pale. Nyuma ya picha andika kwa penseli, wino unapenya na kuharibu. Usiibandike kwa gundi wala albamu zile za plastiki za kunata, inashikana huwezi kuitoa tena. Andika mwaka hata wa kukisia, andika mahali, andika nani alipiga, na majina andika yale wenyewe waliyokuwa wanajiita, kama ni jina la sherehe andika la sherehe, siku watu wakipenda kujua zaidi watauliza. Karatasi isiwe jikoni wala karibu na dirisha, unyevu wa pwani unaijua kazi yake. Na mwambie mtu mmoja, mmoja tu unayemwamini, kitu kiko wapi na wewe unataka kifanywe nini. Hilo la mwisho ndo lilimkosa Anti. Sote tuliujua mkebe, hakuna aliyeambiwa.

Nyota nimeweka tano, na ningekuwa na sita ningeweka. Chumba ni cha kawaida, usitegemee jumba la maonyesho lenye taa na vioo, hii ni sehemu ya kazi, meza, kiti, maboksi. Ukitaka kufurahi tu siku moja na watoto au na mgeni hapatakufaa. Ukitaka kukaa na mtu aliyekufa ukamsikia anaongea mwenyewe, nenda. Kula kabla ya kwenda maana utasahau. Nenda na kitambaa cha machozi, hilo nasema kwa wema. Kama una mtu mzima wa kwetu huku Johannesburg, wa miaka sitini sabini, mchukue mwende wote, umkalishe mbele ya picha za Kewpie uone ataanza kuongea nini, na wewe uwe na penseli tayari.

Mie nina picha moja ya Anti iliyobaki, alinipa mwenyewe, amekaa kibarazani kwake na sinia la hina mapajani anamtazama mpiga picha kama anataka kumkaripia. Niliporudi nyumbani jioni ile niligeuza upande wa nyuma nikaandika mwaka, nikaandika Majengo, nikaandika jina lake la sherehe kama tulivyokuwa tunamwita, na chini yake, amepiga fulani, wa kuona ni wetu kwanza. Alhamisi narudi Braamfontein nimeombwa niende na orodha ya maneno ya kinyume ninayoyakumbuka, yule dada anataka kuyasikia, na kuna boksi la Nkoli sijalimaliza.